Papa Yako Yuko Nyuma Yangu

Mara ya kwanza Mama Spika kumsikia mtu akiongea ndani ya gemu, aliniomba nizime kwa sababu alidhani mtu huyo ni mgonjwa.

Nilikuwa nimeenda kwake Sosiot, upande wa Kericho, na kompyuta yangu kumwonyesha kazi ninayojifunza. Gemu yenyewe ilitengenezwa ng'ambo, na ndani yake kulikuwa na mkulima wa Kenya ambaye kijiji chake kimevamiwa. Nyumba inawaka nyuma yake. Mkulima anamgeukia mchezaji na kumwambia kwa Kiswahili, "Tafadhali tusaidie. Wanakuja. Wamechukua watoto wetu." Anayasema hayo kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa ya kupe.

"Hiyo nyumba inachomeka ni yake?" Mama Spika aliuliza.

"Ni yake, Mama."

"Na hao watoto ni wake?"

"Ni wake."

"Ala! Mimi nikiitwa na huyu, nitamaliza kukamua kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikasirika kweli, tena kwa niaba ya yule mkulima, kana kwamba ni jirani. Alisema wamemchomea nyumba halafu wakamnyang'anya na sauti ya kulilia. Tangu siku hiyo, kila nilipomtembelea aliniuliza kama yule mwenye nyumba alipata msaada.

Hasira hiyo aliniambukiza na bado ninayo. Watu wanaotengeneza gemu kubwa wanajua kuchora tone la mvua likiteleza kwenye kofia ya askari. Wanajua mlio wa buti kwenye changarawe na mlio wa buti lile lile kwenye matope. Askari wao anahema, anameza mate, anakatiza neno katikati kwa sababu ameogopa. Ikifika zamu ya mtu wetu kufungua mdomo, uangalifu wote unaisha. Ni kama walitoka nje ya ofisi wakamshika Mwafrika wa kwanza aliyepita, wakampa karatasi. Mzee wa kuchunga anaongea kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Mama anayemzika mwanawe ana sauti ya kukaribisha wageni hotelini. Nasi tunaocheza tunanyamaza, tunajiambia angalau tumewekwa.

Za kwetu si bora. Nimezicheza. Mwenye gemu anamwita binamu yake, anamshikia simu mbele ya mdomo, anamwambia, "Soma haraka, stima inaweza kupotea." Binamu anasoma. Baada ya hapo wote wanashangaa kwa nini wachezaji wanaruka mazungumzo.

Sijui Mama Spika alizaliwa wapi, na katika miaka yote niliyomjua sikuuliza. Jina hilo alipewa kwa sababu ya spika mbili kama tarumbeta zilizofungwa kwa waya juu ya pikapu ya mtu mwingine, ambayo ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Alikaa mbele karibu na dereva, kipaza sauti mkononi, leso shingoni hata jua likiwaka. Alitangaza chanjo ya ng'ombe, mikutano ya wazazi, mbolea iliyofika, ndama aliyepotea, na vifo. Siku za kazi hakugusa mahindi choma, na hakunywa chai mpaka jioni. Alikunywa maji ya moto yenye chumvi kidogo. Ukimuuliza inakuwaje mtu aishi katikati ya majani chai namna hii bila kunywa chai, alijibu kwamba hata mwenye duka la majeneza halali ndani yake.

Alipopita kwa wakulima alichanganya Kipsigis na Kiswahili. Alipokaribia kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa, aliongeza salamu ya watu wa ziwani, na wanawake waliokuwa wakifua walimjibu wakicheka lafudhi yake. Yeye naye alicheka ya kwao. Hakuna aliyeumia.

Alikuwa na sheria moja ambayo madereva waliichukia. Kifo hakikutangazwa gari likitembea. "Simama," alimwambia dereva. "Huyu amemaliza kutembea." Gari lilizimwa, akangoja injini inyamaze, ndipo akasema jina. Kabla ya hapo alikuwa ameshafika kwa wenye msiba kuuliza marehemu aliitwaje na wajukuu wake, maana jina la kwenye kitambulisho, alisema, ni la polisi na hospitali. Siku moja karibu na Sotik mvua ilikuwa inakuja na dereva akakataa kusimama. Mama Spika alifungua mlango gari likiwa linajikokota, akashuka na kipaza sauti, akatembea kando yake mpaka waya ukaisha. Dereva alisimama. Ilimbidi, la sivyo angeng'oa waya.

Watu walidhani anapiga kelele. Hakupiga. "Kelele ni ya spika," aliniambia. "Wewe ongea na mtu mmoja. Mimi yangu ni mama mmoja ako jikoni, mikono imejaa unga, hawezi kuja mlangoni. Nikimpata huyo, wengine wote wamesikia."

Nyumbani aliongea chini chini hivi kwamba ulilazimika kuinama. Kanisani alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, na alifungua mdomo kwa kila wimbo bila kutoa sauti hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alijua. Nilipomuuliza Mama Spika mwenyewe, alisema sauti ya Jumapili na ya Jumatatu ni ile ile moja, na Mungu humsikia vya kutosha akitangaza chanjo.

Alichukia uongo, lakini tangazo lake lililopendwa zaidi lilikuwa la chumvi ya ng'ombe, ambalo ndani yake mume na mke waligombana juu ya maziwa yaliyopungua. Mume alikuwa yeye. Mke alikuwa yeye. Ng'ombe aliyeingilia ugomvi alikuwa yeye. Watu waliacha jembe ili wasikilize. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anatumia chumvi hiyo.

"Ng'ombe zangu hazipendi," alisema. "Lakini yule mume anaipenda sana."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko somo lolote nililopewa darasani. Somo la sauti sikupewa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, nikiwa nimepanda juu ya tangi la maji nyumbani kwa sababu hapo tu ndipo mtandao ulishika. Nilijifunza kukata, kusafisha, kuondoa pumzi, kuondoa mbwa. Kuondoa ndiko nilikokujua zaidi. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikimtumia mama yangu ujumbe wa sauti wa kusema nimefika salama, naurekodi mara tano. Nikishautuma nausikiliza tena, nikitafuta kosa. Naandika haya ili ieleweke nilifanyaje nilichofanya. Sitaki kuhurumiwa.

Tulikuwa watu wanne tunaotengeneza gemu. Mkuu wetu alikuwa Nairobi, na kwa kuwa alipenda kuitwa mkurugenzi, nitamwita hivyo. Gemu ilikuwa ya msichana anayemtafuta mtamba wake aliyepotea asubuhi ya ukungu katika vilima vya majani chai. Kila anavyopanda ukungu unazidi, mpaka kioo chote kinakuwa cheupe na mchezaji haoni chochote. Hapo anasikia sauti ya Kogo, yaani nyanya yake, ikimwita, na anatakiwa kuifuata kwa masikio peke yake. Ukiondoa sauti hiyo hakuna gemu. Niliwaambia wenzangu, ninamjua Kogo, anakaa Sosiot.

Niliandaa ghala lake dogo. Nilitundika blanketi kila ukuta, nikaziba dirisha kwa godoro, nikapima mwangwi mpaka nikaridhika. Mama Spika aliingia, akatazama, akaniuliza, "Msichana ako wapi?"

"Kwenye ukungu, Mama."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama mita hamsini."

"Na katikati yetu kuna nini? Mto? Majani? Ua?"

Sikuwa nimefikiria.

"Sasa wewe humtafuti," alisema, akatoka nje.

Alisimama ukingoni mwa shamba lake la chai, akanilazimisha niache kinasa sauti mbele yake kikiwa kimewashwa, kisha akanituma katikati ya mistari. Alisema mimi sasa ndiye msichana. Nigeuke nyuma, nifumbe macho, na nisisogee mpaka niamini. Kulikuwa na pikipiki barabarani na ng'ombe wa jirani, na kila mlio ulinichoma kama sindano, kwa sababu nilijua nitahangaika kuuondoa. Kisha akaniita. Hakupaza sauti sana. Miguu yangu ilianza kutembea kabla sijaamua.

Sentensi yenyewe kwenye karatasi ilikuwa hii: "Usiogope ukungu, mtoto wangu. Baba yako yuko nyuma yangu." Alichosema Mama Spika ni, "Papa yako yuko nyuma yangu."

Sisi ambao tulianza na Kipsigis, b na p kwetu ni watoto wa nyumba moja, hawana mlango katikati. Ndivyo ilivyo kwa d na t, na kwa g na k. Mama Spika alitangaza hivyo maisha yake yote, "kari" likimaanisha gari, "tawa" ikimaanisha dawa, na sijawahi kusikia kwamba kuna ng'ombe aliyekosa chanjo. Nimejaribu kuandika hapa kila neno lake jinsi alivyolitamka, nikaona naanza kuchekesha, kwa hivyo nimeyaandika kama kawaida isipokuwa pale ambapo herufi ndiyo habari yenyewe.

Mkurugenzi alinipigia simu akicheka. "Papa yuko nyuma yake? Kwani Kericho mko na bahari siku hizi?"

Nikacheka naye. Niliandike hilo pia. Nilicheka.

"Watu watatuchoma, bro," alisema. "Halafu hatetemeki. Shosho wa Kiafrika lazima atetemeke kidogo, akohoe kohoe. Huyu anaongea kama mtu ako na nguvu." Kisha akasema kama siwezi kumrekebisha, ana programu inayosoma maandishi. Unaandika maneno, kompyuta inaongea. "Na inasema baba vizuri kabisa."

Mtu mwingine angekasirika pale pale. Mimi niliona aibu, na haikuwa aibu kwa ajili ya Mama Spika. Ilikuwa yangu mwenyewe. Shuleni niliwahi kusimama mbele ya darasa kusoma insha juu ya baba yangu, na kila aya ilikuwa na papa akilima, papa akikamua, papa akinibeba mabegani. Mwalimu aliyekuwa akisikiliza aliinamisha kichwa mezani kwa kicheko. Kwa miaka miwili jina langu lilikuwa Samaki. Likizo iliyofuata nilikaa nyuma ya zizi na kalamu katikati ya meno, nikisema ba, ba, ba, da, da, ga, mpaka mate yakanitiririka kifuani. Nilifaulu. Leo ukinisikia kwenye simu huwezi kujua natoka wapi, na nilikuwa najivunia hilo.

Kwa hivyo nilijua la kufanya. Nilirekodi b zangu safi, d zangu safi na g zangu safi, nikazipandisha ziwe nyembamba kama za mwanamke mzee, nikazikata moja moja, nikazipachika katika mdomo wa Mama Spika. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa. Nilijiambia namwokoa asitupwe nje na kompyuta. Huenda ilikuwa kweli kidogo. Ukweli mwingine ni kwamba nilifurahia. Kila p iliyoondoka niliisikia ikiondoka kwangu mimi, kwenye lile darasa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, huwezi kuona mshono hata mmoja, na mkurugenzi aliposikiliza alisema, "Sasa huyo mathe ameiva."

Baada ya hapo nilimkwepa Mama Spika. Pikapu ikipita Sosiot, niliingia dukani nikajifanya natafuta kiberiti. Ulipita muda mrefu. Kisha dereva wake akaniletea ujumbe: Mama anasema unataka kumwonyesha lini kama msichana alifika?

Nilienda siku moja kabla ya kufunga kazi. Kesho yake sauti zilikuwa zinaingizwa kwenye gemu moja kwa moja, na hazingetoka tena. Nilimkuta shambani mwake anachuma, vidole vyeusi kwa utomvu. Alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, nikamvalisha vipokea sauti, nikamwekea kompyuta mapajani. Hakuwa mwepesi wa vitufe. Msichana aligonga miti, akarudi nyuma, akaingia mtaroni. Mama Spika alimwomba msamaha. Kisha ukungu ukafunga, kioo kikawa cheupe, na sauti yake ikaanza kuita.

Alifuata kidogo. Akasimama. Akavua vipokea sauti, akaviangalia, akavivaa tena.

"Hapa ni mimi," alisema. "Hapa ni mimi. Hapa kuna mtu." Akarudia kusikiliza. "Nani ameingia mdomo yangu?"

"Ni mimi, Mama."

"Ulikuwa unatafuta nini huko?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya papa na bahari, ya kompyuta inayosoma, ya kicheko changu kwenye simu, ya siku tisa. Nilisema haraka haraka na vibaya, bila kupanga. Alisikiliza akiwa ameshika kidole chake pale kwenye kitufe, msichana akiwa bado amesimama kwenye ukungu.

"Ile siku nilikuita ukiwa pale kwa majani," alisema, "ulifikiria samaki?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Nilikuja."

"Eh. Na wewe, kwenu hamkuongea kama mimi? Si ni hapo tu ng'ambo ya mto? Hebu sema hiyo neno kama mlivyokuwa mnasema."

Nilisema, "Papa yako."

"Hapana."

"Papa yako yuko nyuma yangu."

"Unaigiza. Tena vibaya."

Nilijaribu mara ya tatu, nikiweka midomo jinsi nilivyokumbuka, na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe kitu ambacho ningekitupa kama ningeletewa nikihariri: mtu anayemwigiza mtu wa Sosiot. Herufi ilikuwa sahihi. Haikuwa na mwenyewe. Niliposafisha mdomo wangu nyuma ya zizi sikufikiria kwamba siku moja nitataka kurudi na nikute mlango umefungwa.

Mama Spika hakunicheka. Alinirudishia kompyuta.

"Rudisha zangu," alisema. "Kama hawataki zangu, watoe zote. Siwezi kuita mtoto wa watu nikiwa nusu."

Sauti za asili nilikuwa nazo. Sijawahi kufuta kitu maishani, ni ugonjwa wangu. Nilikaa chini kando ya kreti, nikazirudisha moja baada ya nyingine, naye akisikiliza kila moja kwa sikio moja na kutikisa kichwa kukubali. Nilirudisha na pumzi zake. Nilirudisha na ng'ombe wa jirani. Niliposhika mtandao nikazituma Nairobi mara moja, bila kuzisikiliza tena.

Simu ililia kabla Mama Spika hajarudi kwenye mstari aliokuwa anachuma.

"Weka nje nisikie," Mama Spika alisema. Nikaweka.

"Umetuma faili za kwanza kwa makosa," mkurugenzi alisema.

"Si makosa."

"Hizi ni zile za papa. Tulimalizana na hii story. Ile yako ilikuwa tamu, kwani umeipoteza?"

"Ninayo. Situmii."

"Basi hakuna shida. Naweka ya kompyuta kesho asubuhi."

Nilitaka kuomba dakika tano, nikaandike jibu, nilisome, nilirekebishe. Mama Spika alikuwa anatazama vidole vyake. Hakunisaidia hata kwa jicho.

"Ukiweka ya kompyuta utoe na zangu," nilisema. "Utoe ukungu, utoe kengele ya mtamba, utoe nyayo za msichana, utoe kila kitu nilichofanya. Huyu mama ameita watu miaka yote na watu wakaja. Hatuwezi kumnyang'anya mdomo eti kwa sababu wewe umecheka. Hapana, pwana!"

Mama Spika aliinua kichwa.

Kisha mkurugenzi akauliza, polepole, "Umesema nini?"

Nikarudia neno kwa neno, jinsi lilivyotoka.